Kuku wachukue funza, mbolea niachieni mimi

Siku hizi ukitaja nzi askari mweusi mbele ya wafugaji wa kuku hapa Jinja, Uganda, mazungumzo yanapamba moto. Mukene, dagaa wetu wa ziwani, wamepanda bei, chakula cha kuku cha dukani kimepanda bei, na funza wa nzi huyo, anayenenepa kwa maganda ya matooke, ndizi zetu za kupika, amekuwa tegemeo jipya. Watu hufunga safari kwenda kuangalia mabanda ya nzi, wakauliza mayai yake yanauzwaje, funza wanavunwa siku ya ngapi, kuku wa mayai apewe kiasi gani. Maswali mazuri yote. Ila pembeni, kwenye magunia yaliyoegemezwa ukutani, pana kitu cheusi, chepesi, chenye punje ndogo kama majani ya chai, na hakuna anayekiulizia. Mimi huenda kwa ajili ya hicho.

Ni kinyesi cha funza, kimechanganyika na magamba waliyojivua walipokuwa wakikua na masalia ya chakula ambacho hawakukimaliza. Wafugaji wengi niliowatembelea wanakiona makapi. Wengine humpa jirani bure, wengine hukimwaga nyuma ya banda, na nimeshuhudia shimo la taka likifukiwa kwacho. Inaniuma. Nalima mboga Walukuba, kwenye vipande vya ardhi kati ya nyumba zilizojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, na nawajua majirani wanaopanda sukuma wiki mahali palepale mwaka baada ya mwaka bila kuirudishia ardhi chochote. Ndiyo maana nashikilia kwamba katika biashara hii yote, kinyesi ndicho chenye thamani kubwa zaidi kwa nchi yetu, na funza ni nyongeza.

Kwanza tumwelewe mdudu mwenyewe, maana chuki nyingi dhidi ya mbolea hii inatokana na kumchanganya na wadudu wengine. Huyu si nzi wa chooni anayetua kwenye sahani yako. Wanasayansi humwita Hermetia illucens, asili yake ni bara la Amerika, na sasa yuko karibu kila nchi ya joto. Ni mweusi, mwembamba, ukimwona kwa haraka utadhani ni nyigu, lakini hana mwiba na haumi. Akishapata mabawa hana shughuli na chakula. Maji kidogo yanamtosha. Anaishi wiki moja au mbili, anapandana mchana kwenye mwanga wa jua, anataga, anakufa. Hana sababu ya kuingia jikoni kwako. Tena funza wake wakijaa kwenye samadi, nzi wa nyumbani huona ugumu kutaga hapo, kwa hiyo banda lililotunzwa vizuri linawapunguza nzi wasumbufu badala ya kuwaongeza. Na hawa si funza wa miguuni, wale waliotesa vijiji vya Busoga mwaka 2010 hadi watu wakapoteza maisha. Nalisisitiza hili kwa sababu kwa mzee wa Kamuli au Mayuge kumbukumbu ile bado ni mbichi, na ana haki ya kuuliza kabla hajaruhusu kitu chochote chenye funza kiletwe uani kwake.

Jike hutaga mamia ya mayai kwa mkupuo mmoja, mara nyingi 500 au zaidi, na hayatagi juu ya uchafu wenyewe. Hutafuta ufa mkavu karibu na harufu ya kitu kinachooza. Ndiyo maana wafugaji hufunga vipande vya mbao pamoja wakiacha nafasi nyembamba katikati, au huweka makatoni yenye mikunjo juu ya ndoo ya chambo. Baada ya siku nne hivi mayai huanguliwa. Funza hutoka mdogo kiasi cha kukupotea machoni, na katika wiki mbili hadi tatu, akipata joto la nyuzi 27 hadi 30 na chakula chenye unyevu wa kutosha, hufikia karibu sentimita mbili. Wakati wa kujigeuza ukikaribia, rangi yake huwa kahawia iliyokolea, huacha kula, na hutambaa mwenyewe kutoka kwenye taka kwenda kutafuta mahali pakavu. Mfugaji huweka ubao wenye mteremko na ndoo mwishoni, funza wakajivuna wenyewe.

Wanachokiacha kwenye beseni ndicho ninachokizungumzia. Taka imepungua kwa nusu au zaidi, na ukiingiza mkono huwezi kutambua kwamba jana kulikuwa na ganda, nyanya iliyooza au posho (ugali) iliyochacha. Kilo 100 za taka mbichi huacha kilo 20 hadi 35 hivi za mbolea, kutegemea unyevu na aina ya chakula. Lundo la mboji la kawaida lingekaa miezi kufika hapo.

Wanachokula ndicho kinachoamua utakachopata. Hapa Jinja tumejaliwa aina nyingi za mabaki: machicha ya bia kutoka ng'ambo ya mto, Njeru; matumbo na vichwa vya samaki pale Masese; maganda ya matooke, viazi vitamu na mihogo kila uani; mboga zilizonyauka sokoni jioni. Machicha yana nitrojeni nyingi. Maganda ya matooke yana potasiamu nyingi. Mabaki ya samaki yananenepesha funza haraka lakini yakizidi banda linanuka na jirani analalamika. Kwa hiyo mtu akiniambia ana mbolea ya funza, swali langu la kwanza ni funza hao walikula nini. Kwa wastani, mbolea hii ikishakauka huwa na nitrojeni asilimia 2 hadi 4, pamoja na fosforasi na potasiamu ya kutosha, na kaboni yake si nyingi ukilinganisha na nitrojeni. Maana yake kwa mkulima ni kwamba haikai udongoni kwa miezi ikisubiri kuoza ndipo mmea upate chakula. Inaanza kazi mapema.

Halafu kuna yale magamba. Funza hujivua mara kadhaa kabla hajakomaa, na gamba lake lina kaitini, ile dutu inayofanya mwili wa mdudu uwe mgumu. Udongoni kuna bakteria wanaoishi kwa kula kaitini, na wakiongezeka huwashambulia pia baadhi ya kuvu wabaya, maana kuta za kuvu nazo zina kaitini. Mmea wenyewe ukiihisi kaitini kwenye mizizi hujiandaa kana kwamba umevamiwa na mdudu, ukaamsha ulinzi wake mapema. Samadi ya ng'ombe haina hili, na urea, ile mbolea nyeupe ya dukani, haina hili. Siwezi kukuahidi kwamba mnyauko wa nyanya utakwisha. Ninachojua ni kwamba mboga inayoota kwenye udongo wenye uhai wa namna hii inaanza maisha na nguvu.

Sasa hesabu, kwa sababu wauzaji wa mbolea hii huiruka. Gunia la kilo 50 la urea lina nitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Mbolea ya funza yenye nitrojeni asilimia 3 ina kilo 3 katika kila kilo 100. Ili ufikie nitrojeni ya lile gunia moja la urea, unahitaji kilo 770 hivi za mbolea ya funza. Ni mzigo. Boda boda haiubebi. Mtu anayekuambia kwamba konzi moja itafanya kazi ya urea anakudanganya. Lakini urea inaleta nitrojeni peke yake. Hizo kilo 770 zinaleta fosforasi, potasiamu, kalsiamu na madini mengine madogo, na zaidi ya yote zinaleta mabaki ya viumbe hai, kitu kinachofanya udongo ushike maji wakati wa kiangazi. Udongo mwekundu wa kwetu umechoka kwa mvua za karne nyingi. Hata ukiutia urea, mvua moja kubwa ya Aprili inaweza kuisomba nyingi hadi ziwani, kwa sababu hakuna cha kuishikilia.

Na ni Waganda wangapi wanainunua hiyo urea? Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakakubaliana kwamba ifikapo 2015 bara litumie kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Uganda ilipofika 2015 ilikuwa bado inahesabu kilo chache tu. Kisha vita vya Ukraine vikaanza mwaka 2022, bei ikaruka, na hata kati ya wachache waliokuwa wakinunua, wapo walioacha. Mtu anayelima robo eka nyuma ya nyumba hawezi kusubiri soko la dunia litulie.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mfugaji wa nzi alijue kabla hajampa mtu gunia: mbolea ikitoka tu kwenye beseni bado haijaiva. Inapovunwa ina joto, ina amonia nyingi, na chumvi yake inaweza kuwa kali. Ukiiweka hivyo kwenye mche wa nyanya, majani yanaungua pembeni na mizizi inadumaa. Mkulima akishaiona hali hiyo mara moja harudi tena, atasema mbolea ya wadudu ni sumu, na kijiji kizima kitamsikia. Nadhani hapa ndipo sifa yake inapoharibiwa zaidi ya mahali pengine popote.

Kuivisha si kazi ngumu. Lundike mahali penye paa, mvua isiifikie, ikiwa na unyevu wa kiasi kwamba ukiifinya kiganjani inashikana bila kudondosha maji. Igeuze kwa sepeto kila baada ya siku chache. Ikinuka amonia hadi macho yanawasha, ongeza vumbi la mbao au majani makavu yaliyokatwakatwa. Kaboni ile itaishika nitrojeni isipotee hewani. Harufu unayonusa ndiyo pesa yako inayoruka. Ikishaiva, lundo linapoa lenyewe hata ukiligeuza, na harufu inakuwa ya udongo baada ya mvua.

Usitegemee pua peke yake. Chukua kikombe kimoja cha mbolea, loweka kwenye vikombe kumi vya maji, acha hadi kesho yake, kisha chuja kwa kitambaa. Weka karatasi laini kwenye visosi viwili. Kimoja kilowanishe kwa maji hayo, kingine kwa maji safi, na vyote viwili vitie idadi sawa ya mbegu za dodo (mchicha) au sukuma wiki. Zikianza kuota, linganisha idadi na urefu wa mizizi. Kama kisosi cha mbolea kinakaribia cha maji safi au kukizidi, endelea. Kama mbegu zimekwama au mizizi ni mifupi na ya kahawia, lundo linataka muda zaidi. Kipimo hiki hakihitaji maabara na hakigharimu kitu, na natamani kila anayeuza awe anamwonyesha mnunuzi visosi vyake viwili kabla ya kupokea pesa.

Haya si maneno ya mkulima wa mjini peke yake. Mtafiti wetu Mganda, Dennis Beesigamukama wa Chuo Kikuu cha Busitema, alifanya kazi na wenzake wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu ambacho Thomas Odhiambo alikianzisha Nairobi mwaka 1970. Walilisha funza machicha ya bia, wakaongeza vumbi la mbao, na mbolea ilikuwa imekomaa baada ya wiki tano. Kisha wakaipeleka shambani nchini Kenya, kwenye mahindi. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2020 yalionyesha kwamba shamba lililotiwa tani 7.5 kwa hekta lilitoa nafaka asilimia 14 zaidi ya lile lililotiwa kiasi hichohicho cha mbolea ya asili ya dukani. Walipolinganisha na urea kwa nitrojeni sawa, kilo 100 kwa hekta, mbolea ya funza ilitangulia kwa asilimia 7. Wakaona pia kwamba tani 2.5 kwa hekta zinatosha. Ukiigeuza kwa kipimo chetu, hiyo ni tani moja hivi kwa eka, magunia 20 ya kilo 50. Kwa mita moja ya mraba ya tuta, ni robo kilo. Hapo mkulima wa bustani anaona kwamba jambo hili linawezekana. Najivunia kwamba jina lililo mbele kwenye utafiti huo ni la mtu wa kwetu, na ningefurahi kama lingejulikana Soroti na Jinja kama linavyojulikana kwenye majarida.

Mimi naitumia hivi. Kwenye kitalu nachanganya sehemu moja ya mbolea iliyochekechwa na sehemu tisa za udongo. Zaidi ya hapo miche inaanza kulalamika. Wakati wa kuhamisha nyanya au biringanya, naweka konzi moja kwenye kila shimo, naichanganya na udongo, ndipo mche unaingia, ili mizizi isigusane na mbolea tupu. Kwenye dodo na nakati, mboga ya majani ya jamii ya biringanya, ambazo tunazichuma majani kila mara, naitandaza kati ya mistari na kuifukia kidogo kwa jembe dogo. Kuiacha juu ya ardhi ni kuitupa: jua linaipeperusha amonia, na kuku wa jirani wanaparua kila kitu wakitafuta funza waliosalia. Wakati mzuri ni siku chache kabla mvua hazijashika, Machi na tena Agosti.

Nakati ndiyo iliyonishawishi kabisa. Kwenye tuta lisilo na kitu, ukichuma mara ya kwanza, majani yanayofuata huja madogo na machungu, na mmea unakimbilia kutoa maua. Kwenye tuta lenye mbolea hii majani yanarudi mapana, ya kijani kilichokolea, na mama wanaonunua kwangu asubuhi wameanza kuchagua fungu kwa macho kabla sijasema lolote.

Swali la usafi lilikuja mapema, na lilistahili kuja. Hajati wa nyumba ya pili alisimama kwenye uzio akaniuliza, "Mwanangu, mboga hizi umezilisha kinyesi cha funza. Je, zinafaa kupikwa futari?" Nikamwambia, "Hajati, ng'ombe naye tunatumia samadi yake tangu zamani. Hawa wamekula maganda na machicha tu." Hakuridhika na maneno yangu. Alikwenda kumuuliza sheikh wake, naye akamwambia aoshe mboga vizuri kama anavyoosha zile za samadi. Tangu hapo ananunua. Nilimheshimu kwa kuuliza, kwa sababu jibu linategemea kweli funza walilishwa nini.

Utafiti umeonyesha kwamba funza hawa hupunguza sana bakteria kama salmonela kwenye samadi wanayokula. Lakini mayai ya minyoo ya tumboni, ile mirefu ya watoto, hayafi kwa kupita karibu na funza. Kuna wanaolisha funza uchafu wa vyoo, na kwa usafi wa mji ni kazi ya maana sana. Mbolea yake ipelekwe kwenye miti ya mbao au mikaratusi, kamwe isije kwenye nakati. Umoja wa Ulaya, ulipoweka kanuni za mbolea ya wadudu mwaka 2021, uliagiza ipashwe joto la nyuzi 70 kwa saa moja kabla ya kuuzwa. Sisi hatuna mitambo hiyo uani, kwa hiyo kinga yetu ni chakula tunachowapa funza na muda tunaouacha ule mlundo uive. Kavera (mifuko ya plastiki), betri, vipande vya chupa, dawa za panya: vyote hivi vitengwe kabla taka haijafika kwa funza. Funza hatakuchambulia.

Wazee wetu wasingeshangaa kusikia kwamba mdudu anatengeneza rutuba. Busoga na Teso mkulima akilima karibu na kichuguu huona mahindi ya pale yanakwenda juu kuliko mengine, na wako wanaovunja vichuguu vya zamani na kutawanya udongo wake shambani. Mchwa wamepandisha udongo wa chini wenye madini, wakauchanganya na mate na kinyesi chao, wakaukusanya mahali pamoja. Sisi tunawala kumbikumbi mvua zikianza, tunawala senene Novemba, na mwaka mzima tunakula kile ambacho mchwa amekilisha. Anayefuga nyenje anapata kinyesi kikavu kisicho na harufu, kizuri kwa vyungu vya maua na mboga. Anayefuga viwavi wa hariri anapata kinyesi cha majani ya mforsadi, na anaweza kukirudisha chini ya miforsadi ileile. Nzi askari anawazidi hawa wote kwa jambo moja: anakula karibu kila kinachooza, na vitu vinavyooza ndivyo tulivyo navyo kwa wingi.

Tumeona vinatupeleka wapi tukivirundika. Tarehe 10 Agosti 2024, mlima wa taka wa Kiteezi, wilayani Wakiso, uliporomoka baada ya mvua kubwa na kufukia nyumba pamoja na waliokuwa ndani. Zaidi ya watu 30 walikufa, wakiwemo watoto. Dampo lile lilifunguliwa mwaka 1996, na sehemu kubwa ya kilichokuwa kikimwagwa pale miaka yote hiyo ni mabaki ya chakula: maganda, majani ya migomba, mboga za masoko ya Kampala, Kalerwe na Owino. Siwezi kuifikiria siku ile bila kufikiria kwamba vitu hivyo vilistahili kuwa shambani. Jinja nasi tumo kwenye njia hiyohiyo. Mji wetu ulikuwa miongoni mwa miji iliyojengewa eneo la kutengeneza mboji, mpango uliosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Ugumu wake ni uleule wa kila mahali: taka zinafika zimeshachanganyika, na ukishachanganya ganda na kavera hakuna mashine wala mdudu atakayekutengenezea mbolea safi. Ganda linatakiwa litenganishwe pale linapomenywa. Mama ntilie mmoja wa sokoni hutuwekea ndoo mbili, na ndoo yake ya maganda ni safi kuliko kitu chochote nilichowahi kukipata kwenye gari la taka.

Ila hata tukifanya vizuri mjini, bado kuna deni. Matooke tunayokula hapa yanatoka mbali, mengi yanatoka magharibi mwa nchi, Isingiro, Mbarara, Bushenyi. Mgomba ni mlaji mkubwa wa potasiamu, na kila mkungu unaokatwa unaondoka nayo. Zamani mkungu uliliwa nyumbani, maganda yakarudi chini ya mgomba uleule, mbuzi akala majani na kinyesi chake kikarudi pia. Sasa mkungu unapanda lori usiku, na theluthi au zaidi ya uzito wa kila dole ni ganda linaloishia kwetu. Mkulima analipwa kwa matooke. Kwa rutuba iliyoondoka nayo halipwi na mtu, na miaka inavyokwenda mikungu inapungua ukubwa, kisha tunamlaumu yeye kwamba hajui kulima.

Nimekuwa nikizungumza na madereva sokoni. "Kaka, ukirudi Isingiro unabeba nini?" Mmoja akanijibu kwamba mara hubeba sabuni, mara chumvi, mara nyingine harudi na kitu. Nikamwonyesha gunia. Alilifungua, akanusa, akachota kidogo kiganjani, akakaa nalo muda. "Dada, likiwa kavu hivi na halinuki, nitabeba. Bei ya kurudi si kama ya kuja. Lakini kule nani atalipokea?"

Hilo ndilo ninalolitafutia jibu sasa. Nahitaji kikundi cha wakulima wa matooke, Isingiro au popote karibu na barabara, walio tayari kupokea magunia ya kwanza bila malipo. Watie mbolea kwenye mashina ya mstari mmoja, waache mstari wa pembeni kama ulivyo, na kila mkungu ukikatwa upimwe kwenye mizani ya mnunuzi na uandikwe. Migomba haina haraka, itachukua zaidi ya mwaka kuona tofauti ya kweli. Wafugaji wawili wa nzi hapa Jinja wamekubali kuniwekea kinyesi chote badala ya kukimwaga, kwa sharti kwamba nikichukue mara mbili kwa mwezi na niwarudishie magunia yao. Paa la kuivishia lipo. Anayewajua wakulima wa namna hiyo aniandikie hapa chini, na aseme wako kijiji gani na lori linapita wapi.